Ukienda Dago, Usiende na Porojo

Kabla hujapanda boti kwenda kukaa kisiwani, utakuwa umeshapewa ushauri na kila mtu. Jirani amekuonya usinywe madafu. Mjomba amesema upepo wa kule haumwachi mbu atue, kwa hiyo chandarua kibaki nyumbani. Na pale gatini hakosekani mzee wa kukuhakikishia kwamba meli kubwa haina hofu. Kila mmoja ana kisa chake, na kila kisa kilimpata mtu fulani ambaye hayupo.

Watu wa pwani hatukuanza leo kukaa kisiwani kwa muda. Wavuvi wa Kojani, kisiwa kidogo mashariki ya Pemba, wanajulikana hadi Tanga na pwani ya Kenya kwa kwenda dago: hupakia nyavu, mchele na madumu ya maji, wakapiga kambi kwenye ufuo usio wao kwa wiki au miezi, kisha wakarejea. Siku hizi dago limekuwa la watu wengi. Mwalimu amepangiwa shule ya Jibondo, muuguzi anamshikia mwenzake zamu Chole, mwanafunzi anakusanya takwimu za samaki, bibi harusi anakwenda kukaa kwa wakwe Tumbatu. Hao ndio ninaowaandikia. Nimeyachukua yale yasemwayo zaidi nikayapima. Mengi yameanguka, lakini yale ya wavuvi wenyewe yamesimama vizuri sana.

“Kisiwani saa haina kazi”

Uongo, na ndio uongo unaomkwamisha mgeni mapema kuliko wote. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, maana yake kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Ukiteremshwa mguu mkavu leo saa tatu asubuhi, juma lijalo saa hiyo hiyo boti inaweza kuwa imekaa kwenye mchanga, nawe utatembea na mzigo kichwani maji yakikufika magotini. Mikutano, kliniki, soko na hata maziko kisiwani hupangwa kwa kuangalia maji kwanza.

Hapa ndipo wazee wanapostahili heshima yao. Wanaposema mwezi ndio unaoendesha bahari, ni kweli tupu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja, tukapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Unguja na Mafia, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wa jua haulandani na wa mwezi, tukapata maji mafu, na tofauti ile hushuka hadi mita 1 hivi. Tena wavuvi hukuambia jambo ambalo wengi waliosoma jiografia shuleni hawalikumbuki, kwamba bamvua kubwa haiji siku ile ile ya mwezi mpevu bali siku moja au mbili baadaye. Vipimo vya bandarini vinasema hivyo hivyo.

Kuna zuri zaidi. Kwenye mwambao wetu bamvua huja kwa saa zake zile zile, mwaka nenda mwaka rudi. Maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Ndiyo maana akina mama wa mwani na wachokoaji wa pweza huingoja bamvua: mwamba hubaki wazi asubuhi kweupe, muda wa kutosha kufanya kazi na kurudi. Kwa hiyo unaweza kukadiria maji bila simu wala jedwali. Mwezi mosi, yaani siku ya kwanza ya mwezi mwandamo, anza na saa kumi, kisha kila siku ongeza dakika 50. Siku ya sita ya mwezi huo, maji yatajaa kiasi cha saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Ni makadirio tu, na nahodha ana neno la mwisho, lakini utashangaa yanavyokaribia. Huko Lamu hesabu hii haikuwa anasa. Mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, kwa vizazi vingi ulipitika vizuri maji yakiwa juu tu, na aliyetaka kwenda Pate ilimbidi aujue mwezi kabla ya kujua nauli.

Na ukisikia kwamba usiku wa mbalamwezi dagaa hawapatikani, hilo nalo ni kweli. Wavuvi wa dagaa huwavuta samaki kwa taa. Anga ikiwa nyeupe, taa haina nguvu, samaki hutawanyika. Kambi nzima hulala mapema, nyavu hushonwa, na kitoweo siku hizo huwa adimu. Mgeni asiyejua hilo hudhani amenyimwa.

“Kisiwa kimezungukwa na chumvi, basi na visima vyake ni chumvi tupu”

Uongo kwa visiwa vingi, na sababu yake inapendeza. Mvua inaponyesha kwenye kisiwa cha mchanga na matumbawe, maji hupenya chini hadi yakutane na ya bahari yaliyoingia ardhini kutoka pande zote. Maji ya mvua ni mepesi kidogo, basi huelea juu ya yale ya chumvi kama samli juu ya mchuzi, ingawa hapo mpaka wake huchanganyika polepole. Mholanzi Badon Ghijben na Mjerumani Herzberg waliipigia hesabu hali hii miaka zaidi ya 100 iliyopita, na hesabu yao bado inatumika: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini ya usawa huo.

Hesabu hiyo ina habari njema na onyo. Habari njema ni kwamba kisiwa kidogo kinaweza kuficha maji mengi chini ya nyayo zako. Onyo ni kwamba ukiyavuta mno, ukayashusha nusu mita tu, chumvi kule chini hupanda kuja juu kwa mita 20. Ndiyo maana kisima kilichochotwa kwa ndoo na kata tangu enzi za mababu hubaki kitamu, na kikifungwa pampu kubwa kwa ajili ya nyumba ya wageni huanza kuonja chumvi. Bibi anayekuzuia kujaza madumu yako yote asubuhi moja hana uchoyo. Anakilinda kisima.

Lakini visiwa si sawa. Mji wa Lamu umetegemea maji yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na ndiyo sababu watu wake hupiga kelele kila zinapotajwa nyumba mpya juu ya mchanga ule. Jibondo, kusini ya Mafia, ni mwamba mtupu. Watu wake huishi kwa maji ya mvua na ya kuletwa na vyombo. Kwa hiyo kabla ya safari uliza swali hili kabla hata ya kuuliza kitanda: maji ya kunywa yanatoka wapi, na kiangazi je?

Mawili mengine ya maji, na haya yana hatari. La kwanza, maji yakionja matamu ni safi. Uongo. Mwamba wa matumbawe una matundu na nyufa, na cha chooni hufika kisimani haraka kuliko kwenye udongo mzito wa bara. Ulimi wako unapima chumvi, haupimi kipindupindu. Chemsha, au tia dawa ya klorini. La pili, ukikwama bila maji, kunywa ya bahari kidogo kidogo. Uongo mtupu. Lita 1 ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, kiasi ambacho figo za binadamu haziwezi kukitoa bila kutumia maji zaidi ya yale uliyoyanywa. Kila kikombe kinakukausha. Huwa anatajwa daktari Mfaransa, Alain Bombard, aliyevuka Atlantiki mwaka 1952 kwa chombo cha mpira na kudai kwamba alikunywa maji ya bahari. Wanaomtaja husahau kwamba alikamua maji kwenye samaki na kwamba mvua ilimnyeshea njiani.

“Madafu huleta busha”

Uongo. Najua umelisikia hili, hakuna aliyekulia pwani asiyelisikia, na wapo wanaume wazima waliokataa dafu maisha yao yote kwa sababu yake. Nalichukia hasa kwa kuwa linamtuhumu asiye na hatia, kisha mkosaji anaachwa chumbani.

Mkosaji ni mbu. Mabusha na matende ya mwambao wetu hutokana na minyoo myembamba inayoishi kwenye mishipa ya limfu, nayo hupitishwa kutoka mtu hadi mtu kwa kuumwa na mbu. Mmoja wa wasambazaji wakubwa ni kyuleksi, yule mbu wa usiku anayezaliana kwenye maji machafu: makaro, mitaro, vyoo vya shimo vyenye maji. Ushahidi wake uko hapa hapa nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, kusini ya Unguja, watafiti walimwaga chembechembe za plastiki nyeupe, zile nyepesi za kufungia vyombo, juu ya maji ya vyoo vya shimo. Chembe zilielea zikafunika maji, mabuu yakakosa hewa, na wakati huo huo watu wakapewa dawa za minyoo. Mbu wakapungua sana, na maambukizi nayo yakashuka. Minazi ya Makunduchi ilibaki pale pale, na madafu yaliendelea kunywewa. Tangu mwaka 2001 Zanzibar imegawa dawa za matende na mabusha kwa umma mzima, na hakuna kampeni yoyote iliyohitaji kuukata mnazi.

Kwa nini basi porojo hii imedumu? Kwa sababu minazi, joto, unyevu na mbu hukaa pamoja. Mtu wa bara aliona wenye mabusha wako kule kwenye minazi, akaunganisha. Alichokiona kilikuwa cha kweli, lakini sababu aliyoitoa haikuwa. Na maambukizi haya kwa kawaida yanahitaji kuumwa na mbu kwa muda mrefu, kwa hiyo wewe wa wiki chache usiwe na hofu kubwa, tumia chandarua tu. Aliye na busha tayari aende hospitali: upasuaji wake ni wa kawaida na unaponya.

Dafu lenyewe ni kinywaji kizuri, lina potasiamu nyingi na limefungwa safi ndani ya kifuu. Ila halina sodiamu ya kutosha kwa mtu aliyeharisha sana. Huyo mpe maji ya ORS.

Na upepo wa bahari humfukuza mbu? Uongo pia. Upepo humsumbua akiwa nje ufukweni, lakini jua likizama naye huhamia pale penye utulivu, yaani chumbani kwako. Isitoshe, mwambao wetu una aina ya mbu wa malaria, Anopheles merus, anayezaliana kwenye maji ya chumvichumvi ya mikokoni. Unguja na Pemba, malaria imeshuka hadi chini ya asilimia 1 ya watu wanaopimwa kwenye jamii kwa sababu ya vyandarua, upuliziaji wa dawa majumbani, upimaji na tiba bora. Upepo ulikuwepo karne zote ambazo malaria ilitesa.

“Panda chombo kikubwa, kikubwa hakizami”

Uongo, na huu umeua.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia wakafa. Tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilipinduka usiku kwenye mkondo wa Nungwi ikienda Pemba, na mamia wengine wakafa. Julai mwaka uliofuata ikawa zamu ya MV Skagit, karibu na Chumbe. Kisha tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu wapatao 100, kilipinduka hatua chache kutoka gati ya Ukara, kisiwa kidogo jirani na Ukerewe. Ilikuwa siku ya gulio, watu walikuwa wanarudi na mizigo yao, nchi kavu wakiiona kwa macho. Walikufa 228.

Ukiziangalia ajali hizi utaona kwamba ukubwa wa chombo haukumwokoa mtu. Kinachohesabika ni uzani kulinganisha na kiwango chake, mzigo ulipowekwa, watu kuhamia upande mmoja, na hali ya bahari. Ngalawa ya nahodha anayeogopa upepo ni salama kuliko meli iliyojazwa na mtu asiyeogopa kitu. Basi mgeni afanyeje? Afanye ambalo wengi tunaona haya kulifanya: ashuke. Ukiona watu wanaendelea kupakiwa huku ngazi imeshatolewa mara mbili ikarudishwa, ukiona magunia juu ya paa, ukiuliza jaketi la kuokolea ukaonyeshwa kabati lenye kufuli, shuka. Nauli hupatikana tena. Na chombo kikikaribia gati, baki ulipokaa mpaka kifungwe kamba. Watu kukimbilia upande mmoja karibu na nchi kavu ni hatari wakati wowote.

“Kusi ikikaza, safari iahirishwe” ni kweli, na sihitaji maneno mengi. Kaskazi huvuma kiasi cha Desemba hadi Machi, kusi huanza baada ya masika na hukaza Juni, Julai na Agosti. Skagit ilizama mwezi wa Julai, katika upepo na mawimbi makali. Ukiwa na kazi ya tarehe maalum bara, usipange kuvuka siku ya mwisho msimu huo. Jiachie siku mbili tatu za kukaa kungoja, na uzihesabu ndani ya bajeti.

“Nyama ya kasa ikichemshwa sana haina neno”

Uongo. Machi 2024, huko Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na wengine zaidi ya 70 wakafikishwa hospitali. Novemba 2021 Pemba ilikuwa imeshazika watu 7 kwa sababu hiyo hiyo. Hawakula nyama mbichi. Walipika kama ilivyopikwa siku zote.

Baadhi ya kasa huwa na sumu mwilini, inayodhaniwa kutokana na vile wanavyokula baharini, na moto hauiondoi. Huwezi kumtambua mwenye sumu kwa rangi, harufu wala ladha. Hapo ndipo penye mtego: familia imekula mara kumi bila madhara, ikahitimisha kwamba mpishi ni hodari, kumbe wale kumi hawakuwa na sumu. Wanaoumia zaidi ni watoto. Ukiwa mgeni kwenye nyumba ya watu na sahani hiyo ikaletwa, kataa kwa adabu, na kama una nafasi ya kusema kwa ajili ya watoto, sema. Sheria nayo inamlinda kasa Bara na Visiwani.

Kuhusu bunju, yule samaki anayejivimbisha, wavuvi wetu husema bunju haliwi. Kweli kabisa, na hongera kwao. Sumu yake iko zaidi kwenye maini, mayai na ngozi, haiondoki kwa kupika, na humlegeza mtu misuli hadi ashindwe kupumua. Ukiona samaki amerushwa pembeni ufukweni wakati wengine wamegawanwa, usimwokote ukidhani umepata bahati.

“Wanyama wa kisiwani ni wa kutisha”

Kwa jumla ni uongo, ingawa visa havikomi. Papa potwe wa Mafia, huyo mkubwa kuliko mashua nyingi zinazomzunguka, hali watu. Huchuja viumbe vidogo na samaki wadogo karibu na Kilindoni. Hata porojo ya pili juu yake, kwamba baada ya Machi huhama kabisa, imepimwa ikaanguka. Wanasayansi waliwafunga vifaa vya sauti na kutega vipokezi baharini, na mwaka 2015 wakachapisha walichokikuta: wengi wao hubaki Mafia mwaka mzima, ila husogea mbali na pwani na chini zaidi, macho yasipofika.

Popo wakubwa wa Chole na Pemba hawanyonyi damu, hula matunda na maua na kusambaza mbegu za miti. Popo wa Pemba haishi porini kwingine kokote duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amebaki mchache wa kuhesabika, kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa miti. Vijiji kama Kidike vikaamua kuwalinda, na ndani ya miaka 20 hivi wakapindukia elfu 20. Nenda Kidike jioni wanapoamka uwaone.

Wa kuangalia ni wadogo. Ukichomwa na konyeza, kuna atakayekuambia ukojolee. Uongo: mkojo unaweza kuchochea vijinembe vilivyobaki vimwage sumu zaidi. Ondoa nyuzi kwa kitu, si kwa mkono, na usafishe kwa maji ya bahari. Lakini ukichomwa na mwiba wa samaki aitwaye taa na mvuvi akaharakisha kuinjika maji jikoni, muache, anajua. Maji ya moto yanayovumilika bila kuunguza, mguu ukakaa humo nusu saa na zaidi, hupunguza maumivu sana kwa kuwa sumu ya taa huharibiwa na joto. Kisha zahanati, maana kipande cha mwiba huweza kubaki ndani.

“Maisha ya kisiwani ni rahisi, samaki ni wa kuokota”

Uongo. Vitunguu, unga, gesi, saruji, dawa, petroli ya boti: vyote vimevuka maji na kila kimoja kimelipa nauli yake. Samaki nao, walio bora huondoka alfajiri ile ile kwenda sokoni mjini wanakolipwa vizuri, na kusi ikikaza wenye vyombo vidogo hawatoki. Chukua mchele, maharage na dawa zako za kudumu za kutosha siku zote pamoja na za ziada. Usiwe mgeni anayekula akiba ya mwenyeji.

Wala usidhani kisiwani utakuwa peke yako. Uongo mwingine. Kojani nyumba zinagusana. Migingo, kijisiwa cha Ziwa Victoria kinachogombaniwa na Kenya na Uganda, ni mwamba wa nusu ekari hivi uliofunikwa mabati, na sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu watu 131 juu yake, wengi wao wavuvi wa muda. Mahali padogo kila mtu atajua ulikula nini jana. Ukilichukulia hilo kama ulinzi badala ya upelelezi, utalala usingizi mzuri.

“Bahari haina mwenyewe”

Uongo, nami nauweka mwisho kwa sababu ndio unaovunja ujirani. Mgeni huona maji hayana ukuta, akachukua ndoo akaenda kuchokoa pweza.

Mwamba una wenyewe. Mwaka 2004, kusini-magharibi ya Madagaska, wavuvi walifunga mwamba ulio jirani na kijisiwa cha Nosy Fasy kwa miezi kadhaa wasiguse pweza, na walipoufungua wakavua wakubwa na wengi. Pweza hukua kwa kasi ya ajabu na maisha yake ni mafupi, kwa hiyo subira ya miezi michache hulipa. Habari zikasafiri, na leo vijiji vya Pemba na Songosongo navyo hufunga miamba yao kwa zamu. Mtu mmoja akiingia usiku na kuchokoa, amewaibia majirani wote waliovumilia njaa ya miezi mitatu. Mafia kuna zaidi: tangu 1995 maji ya kusini na mashariki yake ni Hifadhi ya Bahari, ya kwanza Tanzania, yenye maeneo ya kuvua, maeneo ya masharti na maeneo yasiyoguswa kabisa, na mgeni hulipa ada ya kuingia.

Wavuvi wa dago hulijua hili tangu zamani. Wakifika ufuo wa watu, hawatandazi nyavu kabla mkuu wao hajakwenda kwa wenyeji kuomba ruhusa na kuelezwa masharti: wapi pa kulaza vyombo, kisima kipi, mwamba upi umefungwa, na siku ipi haivuliwi. Nawe fanya hivyo hivyo. Zanzibar nenda kwa sheha, Bara nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji, siku ile ile ya kufika, kabla ya kufungua begi. Shikamoo kwanza, jina lako, umekuja kwa nani, utakaa mpaka lini. Halafu uliza kuhusu mwamba na kisima, na usikilize mpaka mwisho hata kama maelezo ni marefu.